Niliruke faili la ukoo? Jibu kwa msomaji aliyekwama katikati ya The Witching Hour

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Hii ni mara ya tatu naanza kusoma The Witching Hour ya Anne Rice, na kila mara nakwama palepale. Kisa cha Rowan na Michael kinakuwa kimeshapamba moto, mara linafunguliwa faili la ukoo wa Mayfair, linarudi nyuma miaka mia tatu, na majina ya wanawake hayaishi. Rafiki yangu anasema niliruke faili zima nikawakute Rowan na Michael upande wa pili. Je, niruke? Jambo jingine: naambiwa hiki ni kitabu cha wachawi, lakini mchawi simwoni. Naona wanawake wanaoteseka tu. Kuna nisichokielewa? Na nikikimaliza, ni lazima nisome na vile viwili vinavyofuata?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe usije ukakaa roho juu: usiruke. Ukiliruka faili utabakiwa na kisa cha daktari wa upasuaji wa ubongo, fundi wa kukarabati majumba ya zamani aliyenusurika kufa maji, na pepo anayewanyemelea. Ni kisa kizuri, lakini sicho alichokiandika Rice. Faili ndilo kitabu. Yanayolitangulia ni ukumbi wa kuingilia, na yanayolifuata yote ni deni linalodaiwa na kulipwa.

Nakuelewa lakini, kwa sababu hata mimi niliposoma mara ya kwanza nilikereka. Kitabu kilitoka mwaka 1990 kikiwa na kurasa zaidi ya 900, na robo yake ya kwanza inakwenda kwa upepo mzuri. Michael anaopolewa baharini karibu na San Francisco akiwa karibu kukata roho, na anapozinduka mikono yake imeanza kuona: akigusa kitu, picha za walioshika kitu kile zinammiminikia hadi inambidi avae glavu. Mwanamke aliyemwopoa ni Rowan, ambaye hajui chochote kuhusu alikozaliwa. Mama aliyemlea alimtaka hata atie sahihi kwenye karatasi kwamba hatakanyaga New Orleans maishani. Wawili hawa wanapendana. Msomaji amekwisha kuwaweka moyoni. Halafu mlango unafunguliwa, na karani anaingia na shehena ya makaratasi, anakaa katikati yao na kuanza kusoma kwa sauti kavu kuanzia karne ya 17. Nani asingekasirika?

Lakini angalia nani analisoma faili lile ndani ya hadithi. Ni Michael. Rowan wakati huo hajalisoma. Kila ukurasa unaoupita unaongeza unachokijua wewe na Michael, na yule mwanamke ambaye mambo haya yanamhusu kuliko mtu yeyote duniani bado anatembea gizani. Ukiruka, unajiweka upande wa Rowan, upande wa asiyejua, na kitabu hakikuandikwa kisomwe hivyo. Kiliandikwa ili ujue mapema, ujue kwa undani, kisha ukae hapo mikono imefungwa ukimtazama anaingia kwenye nyumba ile.

Hapa kuna jambo la ufundi ambalo nadhani ndilo lililokupita. Faili limeandikwa na jumuiya ya wasomi inayoitwa Talamasca, aliyoibuni Rice katika riwaya yake ya mwaka 1988 iliyohusu wanyonya damu. Kazi ya Talamasca ni kuchunguza mambo ya mizimu na watu wenye uwezo usio wa kawaida, kuandika, na kutoingilia. Kwa hiyo lugha ya faili ni ya watu waliojizuia. Mtumishi wa ndani aliona hivi. Jirani anakumbuka vile. Daktari wa familia alikataa kuzungumza. Shahidi huyu haaminiki sana. Wanawake wanakufa kizazi baada ya kizazi, na mwandishi wa ripoti anapiga mstari na kufungua ukurasa mpya. Ukilisoma kwa haraka utaona ukavu tu. Ukilisoma taratibu utaanza kujiuliza swali baya: hawa watu wema wenye elimu, waliojua yote haya, kwa nini hawakumwokoa hata mmoja? Kisha utagundua kwamba wewe nawe umekaa kitako unasoma na hutaki lifike mwisho. Hofu ya faili imejificha hapo, kwenye kiti cha mtazamaji.

Na mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Riwaya ya kigothi, ile ya majumba ya kale, siri na hofu, ilizaliwa na karatasi zilizookotwa. Mwaka 1764 Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hii, aliificha sura yake na kudai kwamba ni tafsiri ya maandishi ya kale ya Kiitaliano. Mwaka 1897 Bram Stoker aliijenga Dracula yote kwa barua, shajara na habari za magazeti. Waandishi hawa walijua kwamba jambo lisiloaminika likisemwa na msimuliaji tunaliwekea shaka, lakini likiwa kwenye karatasi yenye tarehe, lililoandikwa na mtu asiye na haja ya kututisha, linatuingia. Rice alichukua mbinu hiyo akaitanua kuliko karibu kila mtu aliyemtangulia.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili, nalo limenifurahisha kuliko la kwanza. Unamtafuta mchawi humwoni. Hujakosea kusoma, mwanangu. Lililokukosesha ni neno.

Kiswahili kinamhukumu mchawi kabla hajafungua kinywa. Tukisema mchawi tumekwisha sema mtu mwenye nia ya kudhuru, afanyaye kwa siri, mwenye husuda. Hatuna mchawi mwema; anayetibu tumempa jina lake, mganga, na anayejifanya anatibu huku akiroga tunamrudisha kwenye jina lile la kwanza. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akiambiwa "ukoo wa wachawi" anafungua kitabu akiwa tayari anamsaka mkosaji. Katika kitabu hiki neno hilo lina kazi nyingine. Kwanza ni jina la uwezo wa kuzaliwa nao, usio mwema wala mwovu: Rowan anaweza kusimamisha damu ya mgonjwa mezani kwa nguvu za akili yake, na kwa nguvu ileile, akikasirika, anaweza kuua. Pili, ni jina lililobandikwa na wale waliowasha moto.

Mtazame Suzanne, wa kwanza katika orodha. Ni mwanamke wa kijijini katika nyanda za juu za Uskoti, kijiji cha kubuni kinachoitwa Donnelaith, anayetibu watu kwa miti na mitishamba. Hana makuu, hana hata akili ya kupanga njama. Aliita kitu bila kujua anaita nini, kikaitika. Mwaka 1665 akachomwa moto. Hapo Rice hakuwa anabuni hewani. Uskoti ilikuwa na sheria ya kuwaua wachawi tangu 1563 hadi ilipofutwa mwaka 1736, na katika muda huo watu wapatao 3,800 walishtakiwa, wengi mno wakiwa wanawake. Wimbi kubwa kabisa la mashtaka lilikuwa la 1661 na 1662, kwa hiyo moto wa Suzanne umewekwa muda mfupi tu baada ya wimbi lile, nchi ikiwa bado inanuka moshi. Kuna tofauti moja na historia ambayo naitaja kwa kuwa inafaa kujulikana: kule Uskoti waliohukumiwa kwa kawaida walinyongwa kwanza, kisha miili ikachomwa. Riwaya inapenda moto ulio hai zaidi ya hapo. Na binti yake, Deborah, anahukumiwa nchini Ufaransa mwaka 1689, ilhali tangu 1682 Mfalme Louis wa 14 alikuwa ametoa amri iliyozima sehemu kubwa ya kesi za namna hiyo. Lakini mji wa Montcleve, anakohukumiwa Deborah, nao ni wa kubuni, uko mbali na mfalme, na amri za mfalme hazikuwahi kusafiri kwa kasi ya chuki za majirani. Mimi namkubalia Rice.

Kwa hiyo unapowaona wanawake wanaoteseka, umeona sawasawa. Ila usiishie hapo, kwa sababu si wote ni wa kuonewa huruma. Charlotte, binti ya Deborah, si wa kuonewa huruma. Mary Beth, aliyekuza utajiri wa ukoo kuelekea karne ya 20 kwa mkono wa chuma, si wa kuonewa huruma hata kidogo. Marguerite wa karne ya 19, mwenye chupa zake ambazo sitakuambia zina nini, atakukosesha chakula. Jambo linalowaunganisha lisome kwa neno jingine la Kiswahili, ambalo kwa maoni yangu linawafaa kuliko mchawi. Katika lugha ya uganga wa pepo, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo ndiye anayekaa, binadamu anakaliwa. Ukilichukua neno hilo ukarudi nalo kwenye sura ya kwanza ya kitabu, kwa Deirdre, mwanamke aliyekalishwa kwenye kiti cha kubembea kibarazani, amepigwa sindano za kupumbaza miaka nenda rudi, hasemi, haangalii, na kando yake watu wengine wanamwona mwanamume mtanashati aliyesimama na kisha hayupo, utanielewa. Kiti juu ya kiti.

Mwanamume yule ndiye Lasher, roho aliyeitikia wito wa Suzanne na hakuondoka tena. Tangu hapo kila kizazi kina mwanamke mmoja aliyeteuliwa: anarithi mali yote, anavishwa kidani cha zumaridi, anabaki na jina la Mayfair hata akiolewa, na anampata Lasher. Mali na pepo vinakwenda pamoja kama nyama na mfupa. Huwezi kupokea kimoja ukakataa kingine. Hapa ndipo nilipoona, baada ya kukirudia kitabu mara kadhaa, kwamba uchawi ndani yake ni vazi tu la jambo jingine. Ni riwaya ya mirathi. Inauliza mtu anapokea nini anapopokea cha wazazi wake, na kama kweli ana nafasi ya kukataa.

Wahenga walisema mchawi mpe mwana alee. Waliamini kwamba ukimkabidhi mtoto yule unayemshuku, ataona haya kumdhuru. Akina Mayfair wamefanya hivyo kwa vizazi kumi na vitatu: Lasher anacheza na watoto wao wa kike tangu wakiwa wadogo, anawaletea maua na sarafu, anawafariji wakilia, anawapiga wanaowachokoza. Wao wanajisifu kwamba wana pepo wa kuwatumikia. Unapolisoma faili, kila mara mwanamke mmoja akifa na binti yake akavishwa zumaridi, simama kidogo ujiulize: hapa nani anamfuga nani? Angalia nani anamzaa nani. Angalia ndoa zinapangwa kati ya nani na nani, na damu inazungukia wapi. Mfugaji hodari halazimishi. Anachagua mbegu, anasubiri. Anachotaka Lasher sitakitaja, utakikuta mwenyewe, lakini ushahidi wote umo ndani ya faili, umetapakaa kwenye kurasa zilezile ulizotaka kuziruka.

Nakuomba uzisome kwa namna ya pekee barua za Petyr van Abel, mtumishi wa Talamasca wa karne ya 17 aliyemchukua Deborah akiwa mtoto, baada ya mama yake kuchomwa, akampeleka Amsterdam. Ziko karibu na mwanzo wa faili. Usizikatekate, tafuta jioni nzima isiyo na kazi uzimalize kwa mkupuo mmoja. Ndizo kurasa bora kabisa za kitabu, na nasema hivyo nikijua watu wengi watanipinga. Lugha ya karani inayeyuka, anatokea mtu anayependa, anayejidanganya, anayeandika kwa wakubwa zake akijua wanamlaumu. Tena mwangalie vizuri, maana mtazamaji huyu hatabaki mtazamaji. Atakachofanya Petyr kule Saint-Domingue, koloni la Wafaransa katika Karibi, kinafuta mpaka kati ya anayeandika faili na anayeandikwa, na baada ya hapo hutaiamini tena sauti yoyote ya Talamasca inayodai kwamba haihusiki.

Kuhusu majina, dawa yake ni kalamu na karatasi. Chora mti wa ukoo kwa mkono wako, mkubwa, uuweke ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa. Usiwapange kwa miaka, wapange kwa mahali, kwa kuwa mwandishi mwenyewe ndivyo alivyowafikiria. Suzanne na Deborah ni wa Ulaya, wa moto. Charlotte, Jeanne Louise na Angélique ni wa Saint-Domingue, kisiwani, wa miwa na watumwa. Marie Claudette anazaliwa katika dunia hiyo na ndiye anayeivusha familia kwenda Louisiana katika zama za mapinduzi yaliyoanza mwaka 1791 na kuizaa Haiti mwaka 1804. Marguerite na Katherine ni wa shamba kando ya mto Mississippi. Kuanzia Mary Beth tuko ndani ya nyumba ya mjini, kisha wanafuatana Stella, Antha, Deirdre, na Rowan wa kumi na tatu. Jeanne Louise na Angélique wana kurasa chache. Wapitie haraka, hutapoteza kitu. Julien ni mwanamume, kwa hiyo hayumo katika hesabu ya kumi na watatu, lakini mwandikie herufi kubwa.

Ukifika kwa Stella punguza mwendo tena. Stella wa miaka ya 1920, mwenye dansi na pombe na kicheko, anayeuawa kwa risasi mwaka 1929 mbele ya watu kwenye sherehe nyumbani kwake. Antha bintiye, anayeanguka kutoka ghorofani mwaka 1941 akiwa na miaka 20. Na mtoto mchanga aliyeachwa, ambaye ni Deirdre. Hapa faili linaacha kuwa historia. Mashahidi bado wako hai, watawa wa shule wanakumbuka, majirani wanakumbuka, na kila anayekumbuka alikuwa na nafasi ya kusema neno akanyamaza. Rice mwenyewe alizaliwa New Orleans mwaka huohuo wa 1941. Mwandishi aliyempa mwanamke bubu wa kibarazani mwaka wake mwenyewe wa kuzaliwa hakufanya hivyo kwa kupitiwa, ndivyo ninavyoamini.

Tena nyumba yenyewe ipo. Iko First Street, pembeni mwa Chestnut, katika mtaa wa Garden District, imejengwa mwaka 1857, na Rice aliinunua mwaka 1989, mwaka mmoja kabla riwaya haijatoka. Uzio wake wa chuma una maua ya waridi, na mlango wake una umbo la tundu la ufunguo, umbo ambalo utalikuta likimrudia Michael kila mahali kama jinamizi. Garden District ulikuwa mtaa wa Wamarekani matajiri waliojijengea mbali na familia za Kifaransa za mji mkongwe. Chini yake, kuelekea mtoni, kulikuwa na Irish Channel, mtaa wa Waayalandi maskini. Rice alikulia kwenye mpaka wa dunia hizo mbili, mtoto wa Kikatoliki wa Kiayalandi, akaondoka, akaishi California miaka mingi, akarudi mwaka 1988 akiwa na fedha za kununua alichokuwa akikitazama. Michael katika riwaya ni mtoto wa Irish Channel aliyekuwa akipita mbele ya uzio ule akimwona mwanamume bustanini. Ndiyo maana maelezo ya nyumba hayamwishii Rice: mbao, ngazi, majani yaliyosongana, chokaa iliyoloa. Katika riwaya ya kigothi nyumba ni mhusika, lakini hapa ni zaidi, ni mwili wa ukoo. Ikioza, Deirdre anaoza ndani yake. Michael anapoikarabati, jihadhari na furaha yako, kwa kuwa hujui anamkarabatia nani.

Nisikufiche kasoro zake, maana sitaki uzigundue katikati ukadhani nimekudanganya. Baada ya faili kuna sehemu ndefu ya harusi, ndugu wasiohesabika, vyakula na fanicha, na hapo ndipo ningekuruhusu kuongeza mwendo. Rice anapenda mno uzuri na utajiri. Watu wake ni warembo kupita kiasi na fedha haziwaishii. Kinachonisumbua zaidi ni Saint-Domingue. Karibu na mwisho wa karne ya 18 koloni lile lilikuwa na watumwa wapatao laki tano, na utajiri wa Mayfair umetoka migongoni mwao, lakini sisi tunaliona shamba kutoka kibarazani kwa bwana. Anayesumbuliwa na mizimu katika kitabu ni familia ya mwenye shamba. Waliolimishwa wangekuwa na mizimu mingapi? Swali hilo kitabu hakilijibu, na mimi nikikisoma sasa nalisikia katika kila ukurasa wa sehemu ile. Kuna pia maharimu wanaolalana, kuna ukatili dhidi ya wanawake, na ukurasa wa mwisho hautakupa pumziko.

Kuhusu hofu yenyewe, usisubiri kushtuliwa. Ann Radcliffe, bingwa wa riwaya za kigothi za karne ya 18, alitofautisha hofu ya aina mbili: ile inayoiamsha na kuitanua nafsi kwa kitu kisichoonekana vizuri, na ile inayoigandisha kwa kitu kinachoonekana wazi. Karibu kitabu chote hiki ni cha aina ya kwanza. Ukizoea filamu za kuruka kitini utasema hakitishi. Kisome usiku, kurasa 30 au 40 tu, uache. Asubuhi utakuta kuna kitu kimebaki nawe.

Na vile vitabu viwili. Hulazimiki, ingawa kisa cha kwanza kinaishia kwenye jeraha lililo wazi, na wengi hawawezi kulala bila kujua. Kile kinachoitwa Lasher kilitoka mwaka 1993 na kinaeleza roho yule ni nani hasa. Kina sehemu moja yenye nguvu sana ya simulizi la Lasher kwa kinywa chake, lakini pia kina mambo ya kimwili yanayomhusu binti wa miaka 13 ambayo Rice aliyachukulia kwa wepesi nisioukubali, na ni haki yako kuyajua kabla hujalipia. Taltos cha 1994 kinakwenda mbali na nyumba, na kwangu mimi ukishatoka kwenye nyumba ile nguvu imepungua. Pumzika mwezi mmoja baada ya cha kwanza, kisha jiamulie. Tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 2023 iache hadi umalize, kwa sababu imemuunganisha Michael na mtu wa Talamasca, Aaron Lightner, wakawa mtu mmoja mwenye jina jingine, na utavurugikiwa.

Ombi moja la mwisho. Siku utakapofunga ukurasa wa mwisho wa faili, usiendelee mbele siku hiyo. Rudi kwenye sura ya kwanza, ya yule daktari aliyekuja kumtibu Deirdre, ni fupi. Mara ya kwanza ulimwona mgonjwa kwenye kiti, ua lililomea hadi kufunga madirisha, shangazi mkali mlangoni na mkufu wenye jiwe la kijani shingoni mwa mgonjwa. Mara hii utajua sindano ile ilikuwa inamzuia nani, na jiwe lile lilivaliwa na nani kabla yake, mmoja mmoja, hadi kwa Deborah.